Mama Alichomwa Sindano ya Somo Wake: Ninyamaze?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Mkoa wa Lindi. Ninakuandikia kwa sababu familia yetu imegawanyika pande tatu juu ya jambo lililompata mama yetu wodini, na kila upande unanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza.

Mwezi uliopita mama, mwenye umri wa miaka 66, alilazwa kwa kichomi katika hospitali moja ya huku kwetu, ambayo naomba nisiitaje. Alipewa kitanda cha tisa. Kitanda cha sita alikuwepo mama mwingine wa rika lake, mwenye kisukari na kidonda cha mguu. Jina la mama ni la kawaida mno kwa huku Kusini; ukiliita sokoni siku ya gulio watageuka watu sita. Yule wa kitanda cha sita alikuwa na jina hilo hilo, na la baba zao pia lilifanana, tofauti ikawa jina la babu tu. Wenyewe walifurahi sana. Tangu siku ya kwanza waliitana somo, na uji wa mmoja ukawa wa wote wawili.

Siku ya tatu, saa moja jioni, muuguzi wa zamu ya usiku aliingia na sinia la dawa, akasimama katikati ya wodi akaita jina. Mama akaitika "Abee," kama anavyoitika mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Muuguzi alimwendea, akasogeza khanga, akamchoma sindano ndogo ya tumboni, akaenda zake. Dawa nyingine zote za mama zilikuwa zikipitia kwenye kanula, ule mpira mdogo wa mshipani, mkononi. Nilishangaa kidogo, lakini sikuuliza, na hilo ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo.

Ilipokaribia saa tatu na nusu, mama alianza kutoka jasho jembamba. Mikono ilitetemeka, na akaanza kuniita kwa jina la dada yake ambaye alikwisha kufariki. Nilikwenda kutoa taarifa, mhudumu akaniambia kuwa wagonjwa wa kichomi huweweseka, nirudi nikae. Nilirudi, nikakaa, nikaona hali inazidi, nikaenda mara ya pili nikilia. Muuguzi alipokuja na kumpima damu ya ncha ya kidole, kile kimashine kilisoma 1.9. Niliona uso wake ulivyobadilika. Alikimbia akaleta glukosi, akaisukuma kwenye kanula, na kabla hajamaliza bomba la pili mama alifumbua macho akaniuliza ninamlilia nani.

Asubuhi hakuna aliyetueleza chochote. Cheti cha kuruhusiwa kimeandikwa "kichomi; sukari ilishuka; ametibiwa." Wiki moja baadaye muuguzi yule alikuja nyumbani wakati wa magharibi. Ni mtoto wa mtaa wetu, tumesoma shule moja. Alituambia kuwa sindano ile ilikuwa insulini, yuniti 14, ya somo wa mama. Kwamba usiku ule alikuwa yeye na mhudumu mmoja kwa wagonjwa 32. Na kwamba hospitalini hajamwambia mtu. Alilia sana. Alituomba tusimharibie kazi, akaacha doti moja ya khanga na kilo mbili za sukari.

Sasa kaka yangu mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, anataka nimtumie picha ya cheti na picha ya muuguzi ili azisambaze mitandaoni, kwa maneno yake "mpaka afukuzwe." Mjomba, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo wetu na ni mkulima wa korosho anayeheshimika, anasema mama amepona, limekwisha, na yaliyotokea ni amri ya Mungu. Mama mwenyewe anasema hataki mtoto wa watu aumie kwa ajili yake. Mimi nipo katikati. Isitoshe, mama amepangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kushoto, mwezi ujao katika hospitali hiyo hiyo, na ninaogopa kwamba nikifungua mdomo watamwekea kinyongo. Mama hasomi herufi za kizungu, anasoma za Kiarabu tu, kwa hiyo hata akiandikiwa kitu hawezi kukihakiki mwenyewe.

Ninyamaze au niseme? Na nikisema, nimwambie nani?

Ni mimi,
Binti Muuguzaji, Lindi.

Majibu

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza.

Kwanza lile linalokunyima usingizi. Nilifanya kazi ya uuguzi wodini miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninakwambia kwamba aliyemwokoa mama yako ni yule mtu aliyerudi mara ya pili kituo cha wauguzi baada ya kuambiwa akakae. Insulini inayofanya kazi upesi huanza kushusha sukari ndani ya nusu saa, na nguvu yake hufikia kilele kati ya saa mbili na nne baada ya kuchomwa. Ulipokwenda kulia pale, mama yako alikuwa bado anazama. Kipimo cha mtu mzima kikishuka chini ya 4 tunaanza kuwa na wasiwasi, kwenye 1.9 ubongo tayari unalia njaa, na ndiyo maana alikuita kwa jina la marehemu. Kama ungeendelea kukaa, barua yako ingekuwa nyingine.

Nimeisoma barua mara tatu, na mara zote nilikuwa ninamtafuta mtu mmoja aliyepotea ndani yake. Yule wa kitanda cha sita. Ikiwa sindano yake ilikwenda kitanda cha tisa, yeye alichomwa nini usiku ule? Tuna desturi ya kuweka saini kwenye karatasi ya dawa mara tu tunapotoka kitandani kwa mgonjwa, kwa hiyo yaelekea karatasi ya somo inasema amepata yuniti 14 ambazo hakuzipata. Asubuhi daktari anakuta sukari yake imepanda, anatazama karatasi, anaamini kuwa dozi haimtoshi, anaiongeza. Siku atakayochomwa kweli hiyo dozi iliyoongezwa, ni yeye atakayetoka jasho jembamba, na huenda hana binti pembeni ya kitanda. Hata kama hakuna aliyeongeza kitu, kidonda cha mguu hakifungi vizuri sukari ikiwa juu. Familia yenu imekaa kikao juu ya mgonjwa mmoja, nao walikuwa wawili.

Ndiyo sababu jibu langu ni kwamba useme. Lakini kinachosemwa, kwa nani na kwa lengo gani, hapo ndipo kaka yako na mimi tunapoachana njia.

Kaka yako anataka mtu. Anaona kosa, anaona mkono uliochoma, anataka mkono huo ukatwe. Hasira yake ninaielewa, mama ni mama. Ila hebu mwondoe muuguzi huyu wodini leo, umweke mwingine kesho, mpya, mwenye vyeti safi kabisa. Atakuta wagonjwa 32. Atakuta karatasi mbili zenye jina moja na jina moja la baba, bila alama yoyote ya kumtahadharisha. Atasimama katikati ya wodi, ataita jina, na wanawake wawili wenye adabu zao wataitika abee. Kosa lile lilikuwa limekwisha kutengenezwa kabla ya saa moja jioni. Lilikuwa linangoja mtu wa kulibeba.

Kwenye kazi yetu kuna namna tatu za kukosea, na ni muhimu msizichanganye. Kuna kuteleza, ambako mtu mzima wa akili na mwenye nia njema anafanya A akidhani anafanya B. Kuna kuzoea njia ya mkato, kama huko kuita jina badala ya kwenda kitandani kuuliza, ambako kila mmoja wodini anakufanya na hakuna msimamizi anayekukemea mpaka siku mtu azimie. Na kuna uzembe wenyewe: kulewa kazini, kukataa kuja unapoitwa, kufuta maandishi ili kuficha. La kwanza dawa yake ni faraja na kurekebisha mazingira, la pili ni kufundisha na kusimamia, la tatu ni nidhamu. Muuguzi wenu alikuwa kati ya la kwanza na la pili. Hata hivyo sitamsafisha kupita kiasi. Kutowaambia wakubwa wake, na kuacha karatasi ya mgonjwa wa pili ikisema uongo, kunamsogeza kuelekea lile la tatu kila siku inayopita. Zile khanga na sukari (sukari, jamani, kati ya vitu vyote!) nadhani zililetwa kwa moyo wa kweli, ila mzirudishe kwa upole, kwa sababu zikibaki kwenu zitaitwa kifunga mdomo.

Usidhani ni balaa la Lindi peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mgonjwa mmoja kati ya kila 10 hudhurika akiwa anapokea huduma, kwamba zaidi ya watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa huduma isiyo salama, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika, mengi yakitokana na dawa. Mwaka 2007 shirika hilo lilitoa mapendekezo tisa ya kulinda wagonjwa, na la pili yake lilikuwa hili hili lenu la kumtambua mgonjwa: kutumia angalau vitambulisho viwili kabla ya kumpa mtu dawa, kumtoa damu au kumfanyia lolote, na namba ya kitanda isiwe kimojawapo. Jina kamili na mwaka wa kuzaliwa. Jina kamili na namba ya jalada. Tena aulizwe "Unaitwa nani?" ajitaje mwenyewe, asiulizwe "Wewe ndiye fulani?" kwa maana mgonjwa mwenye homa, au mzee asiyesikia vizuri, ataitikia lolote kwa heshima.

Mjomba wako, kwa kuwa ni mtu wa korosho, ataelewa upesi kuliko sisi sote. Mweleze hivi. Akipeleka magunia yake kwenye chama cha msingi, hakuna mpokeaji anayeandika "gunia la yule mzee wa pembeni." Huandikwa jina, hupimwa uzito, hutajwa daraja, naye haondoki mpaka ameshika karatasi. Mfumo huo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mwaka 2007 wengi waliulaumu, na wapo wanaoulaumu hadi leo, lakini mkulima wa Ruangwa au Tandahimba anajua kwamba gunia lisilo na jina halina mwenyewe. Basi muulize mjomba, kwa adabu, kwa nini dada yake atambuliwe kwa uangalifu mdogo kuliko gunia. Amri ya Mungu hatuipingi. Ila hata yeye hamwachii Mungu kazi ya kupima korosho zake.

Niruhusu nichepuke kidogo, maana sisemi haya nikiwa nimekaa juu ya mnazi. Zamani, kabla sindano za artesunate hazijafika, malaria kali tuliitibu kwa kwinini ya dripu, na dozi ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko zile zilizofuata. Usiku mmoja niliingia zamu, nikakuta mtoto wa miaka minane, karatasi yake haina saini, na mwenzangu aliyemaliza zamu alikuwa amekwisha panda baiskeli. Nikatundika dozi ya kwanza. Ilikuwa imekwisha tolewa alasiri. Mtoto alianza kulalamika kuwa masikio yanapiga kengele, sukari yake ikashuka, kwa sababu kwinini nayo hushusha sukari. Tulimwahi. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kuwa amepona, imekwisha, maneno yale yale ya mjomba wako. Kabla ya mwezi kwisha mwuguzi mwingine katika wodi hiyo hiyo alirudia dozi ya kwanza kwa mtoto mwingine, kwa karatasi isiyo na saini vile vile, na baba wa mtoto huyo akamshika muuguzi ukosi. Nilisimama pale nikiwa ninajua ninachokijua. Siku ile ndipo nilipokwenda kwa matroni. Baada ya hapo ulikuja utaratibu wa kukabidhiana zamu kitanda kwa kitanda, wanaotoka na wanaoingia pamoja, karatasi mkononi. Utaratibu huo ungeweza kuwepo mwezi mmoja mapema.

Sasa tuje kwenye hatua zenyewe, na ya kwanza ni kwa mama. Mwili uliochomwa ni wake. Ana akili timamu, kwa hiyo wewe, kaka yako na mjomba ni washauri tu. Anasema hataki mtoto wa watu aumie. Mwambie kuhusu somo wake, yule aliyekula naye uji, kisha umuulize upya. Ninavyowajua kina mama wa Kusini na heshima wanayoipa ile kauli ya somo, sidhani atabaki na jibu lile lile. Akibaki nalo, tafuta walau njia ya kumfikishia habari somo huyo au nduguze, kwa sababu hilo haliwezi kungoja ridhaa ya mtu.

Kisha mwone muuguzi, kabla hujaandika chochote. Asikutane na barua yako mezani kwa mkubwa wake kama mtu anayevamiwa. Mwambie wazi: tumekusamehe, lakini ukweli lazima uandikwe, na tunakuomba uwe wa kwanza kuupeleka. Mpe siku tatu. Muuguzi anayekwenda mwenyewe kwa kiongozi wa wodi na kusema "Nilichoma insulini kwa mgonjwa asiye wake" anasikilizwa kwa sikio tofauti kabisa na yule anayeitwa kujibu tuhuma. Tena huenda ukamwondolea mzigo. Watu wanaochunguza mambo haya humwita mtoa huduma wa namna hii mhanga wa pili, na mimi niliyemtundikia mtoto kwinini ninajua wanazungumzia nini.

Baada ya hapo andika barua fupi kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali, nakala kwa muuguzi kiongozi wa wodi, yule mnayemwita inchaji. Usiitumbukize kwenye sanduku la maoni. Masanduku mengine funguo zake zilipotea zamani. Ipeleke kwa mkono masjala, ukiwa na nakala yako, na uombe igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Eleza kilichotokea kwa saa na kwa mpangilio, kama ulivyonieleza mimi, bila matusi na bila sifa. Kisha omba vitu hivi: jalada la mama lirekebishwe liseme kuwa sukari ilishuka kwa sababu alipewa insulini isiyo yake, jalada la mgonjwa wa pili likaguliwe na yeye aelezwe, na ninyi mjulishwe wodi imebadilisha nini katika kutambua wagonjwa wenye majina yanayofanana. Kama una wasiwasi wa kuingia peke yako, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ipo kwa ajili ya kumsindikiza mgonjwa katika mambo kama haya, na mjomba akivaa kanzu yake akakaa pembeni bila kusema neno, nayo inasaidia.

Ombi lile la kwanza, la kurekebisha jalada la mama, usilione dogo. Daktari atakayefungua jalada siku ya upasuaji atakuta "sukari ilishuka" bila sababu. Anaweza kudhani mama ana tatizo la sukari, akamzungusha kwa vipimo asivyovihitaji, au akaahirisha jicho. Sentensi moja ya ukweli itaokoa yote hayo.

Hospitali nyingi za serikali zina timu ya kuboresha ubora wa huduma, na kazi yake ni kuchukua tukio kama lenu na kuuliza lilipitia wapi. Barua yako ndiyo inayoipa cha kujadili. Ikipita wiki tatu bila jibu, panda kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, au piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Lipo pia Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lenye mamlaka juu ya leseni za wauguzi chini ya Sheria ya mwaka 2010. Mlango huo upo kwa ajili ya muuguzi anayeficha, anayerudia au anayedhuru kwa uzembe, na kwa hali mliyo nayo sioni haja ya kuanza kuugonga.

Kuhusu kinyongo, sitakudanganya kuwa hakipo. Nimefanya kazi na watu wanaokunja uso wakisikia neno malalamiko. Lakini nimeona pia kwamba mgonjwa ambaye jina lake limepita mezani kwa Mganga Mfawidhi kwa barua ya heshima, yenye muhuri, hutazamwa mara mbili na si vibaya. Anayenyanyaswa kwa urahisi ni yule ambaye hakuna maandishi yanayoonyesha kuwa aliwahi kuwepo.

Kaka yako mwambie hivi kwa sauti yako mwenyewe, si kwa ujumbe wa simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Akisambaza cheti, atakuwa ametangaza ugonjwa wa mama kwa watu asiowajua, na kwa kuwa majina yanafanana, kisukari na kidonda cha yule mwingine navyo vitasomwa mitaani. Atakuwa amechanganya wagonjwa wale wale wawili kwa mara ya pili. Kama ana nguvu ya kufanya kitu, atume nauli, au aje mwenyewe alale wodini mwezi ujao wewe upumzike.

Nije kwenye jicho, kwa maana ndilo linalokuja. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi kwa ajili ya chumba cha upasuaji, yenye mambo 19 ya kuthibitishwa kwa sauti. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara yetu hapa Tanzania. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Jambo la kwanza kabisa kwenye orodha hiyo halihitaji mashine wala umeme: kabla ya dawa ya usingizi au ganzi, mgonjwa mwenyewe anathibitisha jina lake, upasuaji anaofanyiwa, na upande. Kwa hiyo mfundishe mama maneno matatu na ayaseme mpaka ayazoee: majina yake yote matatu mpaka la babu, mtoto wa jicho, kushoto. Ayaseme hata asipoulizwa. Akiitwa jina, aitike abee kama kawaida yake, halafu aongeze jina la babu.

Na muombe muuguzi amfunge plasta nyeupe kwenye kifundo cha mkono, kama tunavyowafunga watoto wachanga, iandikwe majina matatu, mwaka wa kuzaliwa na namba ya jalada, na alama ichorwe juu ya nyusi ya kushoto kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Wewe umsomee kilichoandikwa, herufi kwa herufi, mbele ya muuguzi. Akikubali, chukua kalamu hiyo hiyo umwandikie jina lake chini yake kwa herufi za Kiarabu, alihakiki mwenyewe kwa lile jicho la kulia.